Kukesha Stonehenge: maswali mnayoniuliza kila Juni kuhusu jua, mawe na ngoma

Mwezi Mei ukiingia tu, simu yangu haipumziki. Binamu aliyeko Leicester anataka kujua kama kuna kiingilio. Rafiki niliyesoma naye Tanga, sasa yuko Rotterdam, anauliza kama atapata pa kulala. Shangazi, ambaye hajawahi kuvuka mpaka wa nchi lakini kwenye WhatsApp haachwi nyuma, anauliza kama nimeanza kuabudu mawe. Stonehenge ni duara la mawe makubwa ya kale huko Uingereza, na kila Juni watu hukesha pale kusubiri jua la solistisi, siku yenye mchana mrefu kuliko zote. Nimekesha pale mara nne. Mara mbili jua nililiona, mara mbili niliona mawingu yakibadilika rangi, basi. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo nayaweka yote hapa.

Hiyo solistisi ni kitu gani?

Sisi tuliokulia karibu na ikweta tumezoea jua lenye nidhamu: linatoka kwenye saa kumi na mbili na linazama kwenye saa kumi na mbili, mwaka mzima, hadi saa zetu za Kiswahili tukazihesabu kutokea hapo. Ukifika Wiltshire, iliko Stonehenge, kusini mwa Uingereza, mwezi Juni, hesabu hiyo inavurugika. Jua linachomoza karibu saa kumi na dakika hamsini alfajiri na kuzama saa tatu na nusu kasoro usiku. Mchana unapita saa kumi na sita na nusu. Desemba mchana haufiki hata saa nane.

Sababu ni mlalo wa dunia. Mhimili wake umeinama kwa nyuzi 23.4 hivi, kwa hiyo nusu ya mwaka kaskazini inalielekea jua na nusu nyingine inalipa kisogo. Kuanzia Desemba, mahali jua linapochomoza panasogea kaskazini siku hadi siku. Ikifika tarehe 20 au 21 Juni hatua hizo zinakwisha. Kwa siku kadhaa jua linaonekana kutokea palepale, halafu linaanza kurudi. Jina lenyewe la Kilatini lina maana ya jua kusimama.

Na usidhani kwetu jua halihami. Simama Tanga adhuhuri ya Juni uangalie kivuli chako: kinaelekea kusini. Rudi Desemba, kinaelekea kaskazini. Ni vile tu hakuna anayekesha kulisubiri.

Stonehenge iko wapi, na ina umri gani?

Iko kwenye uwanda wa Salisbury, kama mwendo wa saa moja na nusu kwa treni kutoka London hadi mji wa Salisbury, kisha basi. Mtaro na tuta la duara vilichimbwa karibu mwaka 3000 KK. Mawe makubwa yalisimamishwa karibu 2500 KK, na watu ambao hawakuwa na chuma.

Mawe hayo ni ya aina mbili, na moja la ziada. Yale makubwa, sarseni, yana wastani wa tani 25 kila moja, na utafiti uliotolewa mwaka 2020 ulionyesha kwamba mengi yalitoka West Woods, kilomita 25 hivi kaskazini. Yale madogo, yanayoitwa mawe ya buluu, yalitoka vilima vya Preseli huko Wales, zaidi ya kilomita 200. La ziada ni lile lililolala katikati, Jiwe la Madhabahu, lenye tani 6 hivi. Mwaka 2024 wanajiolojia walitangaza kwamba asili yake ni kaskazini mashariki mwa Uskoti, umbali wa kama kilomita 750. Kwa njia gani lilifika? Kila mtaalamu ana yake. Mimi nawafikiria tu waliolivuta, na nina hakika hawakulivuta kimyakimya. Aliyewahi kuvuta mtumbwi au jarife ufukweni anajua kwamba kamba bila wimbo haivutiki.

Fundi yeyote wa nyumbani angefurahia jambo moja: zile linta za juu hazikuwekwa tu. Nguzo imechongwa ulimi kichwani, linta imetobolewa tundu chini, vikakamatana. Linta na linta nazo zimeunganishwa kwa mtindo wa mbao za sakafu. Ni useremala uliofanywa kwenye jiwe.

Ni kweli yamejengwa upya kwa saruji?

Si upya, ila baadhi yalinyooshwa. Kati ya mwaka 1901 na 1964 mawe kadhaa yaliyoinama au kuanguka yalisimamishwa na kushikiliwa na zege kwenye shina. Mlango mmoja wa mawe matatu ulioanguka mwaka 1797 ulirudishwa mwaka 1958. Mawe ni yaleyale na mahali ni palepale. Anayekwambia kwamba kitu chote ni cha juzi, muulize amesoma wapi.

Jua linapita wapi hasa?

Nje ya duara, upande wa kaskazini mashariki, kuna jiwe kubwa lisilochongwa linaloitwa Jiwe la Kisigino. Ukisimama katikati ya duara alfajiri ya solistisi, jua linachomoza karibu nalo, kushoto kidogo, na mwanga unaingia moja kwa moja kwenye mhimili wa jengo zima. Nasema karibu nalo kwa makusudi. Picha nyingi unazoziona mtandaoni, jua likiwa limekaa juu ya jiwe kama chungu kwenye mafiga, zimepigwa na mtu aliyechagua pa kusimama.

Mhimili huohuo ukiufuata kinyume, kusini magharibi, unafika mahali jua linapozama kwenye solistisi ya Desemba. Mstari mmoja, sherehe mbili. Hapo ndipo swali linalofuata linapoanzia.

Basi watu wa kale walikuwa wakikusanyika Juni kama sisi?

Inawezekana kabisa kwamba sisi ndio tunaokuja siku isiyo yake. Wanaakiolojia wengi wanaamini kwamba mkusanyiko mkubwa ulikuwa wa Desemba. Ushahidi wenyewe ni nguruwe. Kilomita tatu hivi kutoka kwenye mawe kuna Durrington Walls, palipokuwa na kijiji wakati mawe makubwa yanasimamishwa, na hapo imefukuliwa mifupa mingi sana ya nguruwe. Meno yanaonyesha kwamba wengi walichinjwa wakiwa na umri wa miezi tisa hivi. Nguruwe wa kule huzaliwa majira ya kuchipua. Hesabu miezi tisa mbele, unaangukia katikati ya baridi. Uchunguzi wa kemikali kwenye mifupa hiyo unaonyesha pia kwamba wanyama wengine waliletwa kutoka mbali.

Kwa hiyo ukitaka kufuata wa kale, nenda tarehe 21 au 22 Desemba, ukapigwe na upepo. Umati ni mdogo, na jua linachomoza muda wa kistaarabu, baada ya saa mbili asubuhi. Mimi bado naenda Juni. Napenda wa kale, lakini napenda miguu yangu zaidi.

Wale wazee wenye kanzu nyeupe ndio wenye mawe?

Hao ni Wadruidi, na ni watu wa karibuni. Wadruidi wa kale, makuhani wanaotajwa na Warumi, waliishi zaidi ya miaka elfu mbili baada ya mawe makubwa kusimamishwa. Mtu aliyewahusisha na Stonehenge ni John Aubrey, mtafiti wa mambo ya kale, katika karne ya 17, kisha mtafiti mwingine, William Stukeley, akalieneza wazo hilo katika karne ya 18. Stukeley huyohuyo ndiye aliyeandika kwamba jengo limeelekezwa kwenye mawio ya solistisi, kwa hiyo alipatia moja na kukosea moja. Chama kimoja cha Wadruidi wa kisasa kilifanya sherehe kubwa pale mwaka 1905, na tangu hapo wamekuwa sehemu ya mandhari.

Siwasemi vibaya. Wanapuliza pembe, wanawasalimu wageni, na mmoja aliwahi kunipa nusu ya mkate wake saa tisa usiku bila kuniuliza jina.

Zamani kulikuwa na muziki pale?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa hiyo vumilia.

Wimbo hauachi mfupa, lakini vyombo vinaacha. Katika makaburi ya zama za shaba yaliyolizunguka duara imepatikana mifupa iliyotengenezwa kuwa vyombo vya kupuliza. Mmoja wao ni wa kushtua. Ni mfupa wa paja la binadamu, umechongwa na kung'arishwa, ukazikwa pamoja na mtu mwingine huko Wilsford, jirani na mawe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol waliuandika mwaka 2020, wakaeleza kwamba mwenye mfupa na aliyezikwa nao waliishi karibu wakati mmoja, huenda walijuana. Mfupa huo umehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la Wiltshire, mjini Devizes. Kama una siku ya ziada, pita.

Halafu kuna mawe yenyewe. Trevor Cox wa Chuo Kikuu cha Salford na wenzake walitengeneza mfano mdogo wa Stonehenge, sehemu moja ya kumi na mbili ya ukubwa wa kweli, wenye mawe 157 kama inavyodhaniwa ilikuwa ilipokamilika. Wakauweka ndani ya chumba cha kupimia sauti. Ilionekana kwamba ndani ya duara sauti ya mtu au ya chombo inaongezeka nguvu kwa desibeli 4 hivi na inabaki ikizunguka kwa zaidi kidogo ya nusu sekunde, ingawa hakuna paa. Aliye nje anasikia hafifu, maana mawe yanairudisha sauti ndani. Kwa maneno mengine, mjengo ule unawapigia waliomo, waliobaki nje wanaambulia makombo. Kabla yake Rupert Till wa Chuo Kikuu cha Huddersfield alikwisha kwenda kufanya majaribio Maryhill, jimbo la Washington, Marekani, ambako kuna Stonehenge ya zege ya ukubwa kamili, iliyojengwa kuwakumbuka wanajeshi wa Vita vya Kwanza vya Dunia.

Na kuna mawe yanayolia. Kule Preseli, yalikotoka mawe ya buluu, miamba mingine ukiigonga inatoa mlio kama wa kengele. Watafiti kutoka chuo cha sanaa cha Royal College of Art cha London walipita wakigonga jiwe moja baada ya jingine wakathibitisha. Kuna kijiji jirani kinachoitwa Maenclochog, na jina hilo la Kiwelisi kwa kawaida hufasiriwa kuwa mawe yanayolia. Je, watu wa kale waliyabeba mawe yale kwa ajili ya sauti yake? Inavutia kufikiri hivyo, ila jiwe ukishalifukia shina, tena ukalikamata kwa zege, linanyamaza, kwa hiyo yaliyoko Stonehenge leo si mashahidi wazuri.

Mtanzania hapaswi kushangaa. Serengeti, kwenye miamba ya Moru, kuna jiwe kubwa lenye vishimo vilivyochimbika kwa kugongwa na vizazi vya watu. Ukilipiga kwa kijiwe linalia kama sufuria nzito. Watalii hupelekwa kulipiga. Kisiwa cha Lolui, Ziwa Viktoria upande wa Uganda, kina mawe ya namna hiyo pia. Kupiga jiwe kama ngoma si mambo ya Wazungu peke yao.

Kama mawe yanapenda sauti, kwa nini spika zimekatazwa?

Kwa sababu kuna historia, na haikuwa nzuri.

Mwaka 1974 kikundi cha vijana wa mtindo wa kihipi kilipiga kambi karibu na mawe kwa ajili ya solistisi. Kinara wao alikuwa Phil Russell, aliyejulikana zaidi kwa jina la Wally Hope, ambaye alifariki mwaka uliofuata. Tamasha lile likawa la kila Juni: bila tiketi, bila mdhamini, majenereta, majukwaa ya kuungaunga, bendi ya Hawkwind ikipiga roki hadi asubuhi. Mwaka 1984 walikuja makumi ya maelfu na walikaa wiki kadhaa. Wapo waliokuwa wanacheza muziki, wapo waliokuwa wanauza dawa za kulevya mchana kweupe, na wapo waliochimba vyoo na kukata miti pasipotakiwa. Anayelisimulia kama pepo amesahau nusu, na anayelisimulia kama jehanamu amesahau nusu nyingine.

Mwaka 1985 wenye dhamana ya eneo walipata amri ya mahakama kulizuia. Tarehe 1 Juni msafara wa mabasi na malori waliyoyageuza nyumba ulikuwa njiani, familia na watoto ndani. Polisi waliuzuia, ukaingia kwenye shamba la maharage. Kilichofuata kinaitwa hadi leo Vita vya Shamba la Maharage: vioo vya magari vilivunjwa kwa virungu, watu waliburutwa nje, na zaidi ya 500 walikamatwa. Mwaka 1991 baadhi yao waliishitaki polisi na kulipwa fidia.

Kwa takriban miaka kumi na mitano kila solistisi ilikuwa ya vizuizi vya barabarani. Kilichofungua mlango ni jambo dogo. Mwaka 1995 watu ishirini na kitu walisimama kando ya barabara karibu na mawe, kwa amani, kuadhimisha miaka kumi ya tukio lile. Wawili walikataa kuondoka, wakakamatwa, wakakata rufaa hadi kwa majaji wa Baraza la Mabwana, wakati huo ndiyo mahakama ya mwisho ya rufaa Uingereza. Machi 1999 majaji watatu kati ya watano waliamua kwamba mwananchi ana haki ya kukusanyika kwa amani kwenye barabara ya umma maadamu hamzibii mwenzake njia. Kuanzia mwaka 2000, English Heritage, taasisi inayoyatunza mawe, imekuwa ikifungua uwanja usiku wa solistisi kwa masharti. Sharti mojawapo ni hilo: muziki wa umeme, hapana.

Mara ya kwanza niliona ni ukorofi. Sasa nawaunga mkono. Weka spika moja pale na wote elfu ishirini mnasikiliza mtu mmoja. Bila spika, kila baada ya hatua kumi kuna ngoma nyingine.

Basi hupigwa nini?

Chochote kinachobebeka. Ngoma ndizo nyingi, hasa zile za Afrika Magharibi ziitwazo djembe, na wapigaji wengi ni Waingereza wenye mikono myekundu ambao hawajui kupumzika. Kuna fidla, filimbi za bati, magitaa, zumari za mfuko kama za Waskoti, na didjeridu, lile bomba refu la kupuliza la wenyeji wa Australia. Mwaka mmoja lilikuja kundi zima la samba. Kuna walioshikana mikono wakiimba bila chombo. Vijana wawili niliowasikia wakiongea Kilingala walikuwa na chupa tupu za plastiki na kijiti, na kwa maoni yangu ndio waliokuwa na mdundo bora usiku ule.

Saa nne usiku ni vurugu tupu, kila mtu na lake. Baada ya saa nane wachovu wanalala kwenye nyasi, ngoma zinapungua, na hapo ndipo utakaposikia lile ambalo wataalamu wamelipima. Ingia katikati ya duara, kisha toka nje hatua chache, kisha rudi. Utaona jinsi sauti inavyokukumbatia na kukuachia. Karibu saa kumi mbingu zinaanza kuwa kijivu, na bila mtu kutoa amri ngoma zinaanza kufuatana. Jua likitoka wanapiga kelele wote kwa pamoja, kama bao la dakika ya tisini.

Hii ni sawa na Glastonbury?

Hapana. Glastonbury ni tamasha la tiketi, mbali na hapo, na lile duara lake la mawe liliwekwa miaka ya 1990. Mawe yale ni madogo kwa umri kuliko mimi.

Mwanangu, hiyo si ibada ya kipagani?

Shikamoo, Shangazi. Kwa baadhi ya watu, ndiyo, ni ibada, na wao wenyewe wanajiita wapagani bila kuona haya. Kwa wengi waliokuwepo nilipokwenda, ilikuwa mkesha tu: wanafunzi, watalii, wazee wa kijiji jirani, wazazi waliobeba watoto migongoni. Hakuna anayekulazimisha kuinama, kuimba wala kushika mkono wa mtu. Mimi nasimama, nasikiliza, napiga makofi. Mwenye kuona moyo wake hauridhiki asiende; sherehe haipungukiwi kitu.

Kwa Waislamu kuna suala la vitendo zaidi. Latitudo ile, mwezi Juni, weusi wa usiku haukamiliki. Upande wa kaskazini unabaki na mwangaza hafifu usiku kucha. Kwa hiyo Isha na Alfajiri zinakaribiana sana, na misikiti ya Uingereza inatumia ratiba zinazotofautiana. Chukua ratiba ya msikiti wako kabla hujaondoka. Nyasi zina umande, kwa hiyo mkeka wa plastiki chini ya mswala ni muhimu. Nimeswali pale pembezoni mwa uwanja, na mtu pekee aliyenisemesha alikuwa anauliza kama kibla kinaelekea jua linakotokea. Nikamwambia kinapita kulia zaidi.

Afrika Mashariki tuna mawe ya namna hii?

Tunayo, na ni ya rika lilelile. Upande wa magharibi wa Ziwa Turkana, Kenya, kuna maeneo kadhaa ya nguzo za mawe zilizosimamishwa na wafugaji wa kwanza wa eneo hilo. Lile la Lothagam Kaskazini lilianza kujengwa miaka 5,000 hivi iliyopita, wakati uleule mtaro wa Stonehenge ulipokuwa ukichimbwa, na watafiti wanakadiria kwamba si chini ya watu 580 walizikwa humo. Stonehenge nayo, karne zake za mwanzo, ilikuwa makaburi ya watu waliochomwa.

Karibu na Kalokol, kando ya barabara itokayo Lodwar, kuna nguzo 19 za mawe meusi. Jina lake kwa Kiturkana, Namoratunga, maana yake ni watu wa mawe. Husimuliwa kwamba walikuwa watu wanacheza ngoma, wakamcheka asiyechekwa, wakageuzwa mawe. Wapitao huweka vijiwe juu ya nguzo kutafuta heri. Mwaka 1978 watafiti wawili Wamarekani walidai kwamba nguzo hizo zimepangwa kufuata nyota za kalenda ya Waborana. Wengine walipima upya wakapinga, na ubishi uliendelea kwa miaka.

Sasa sikiliza hili. Huko Cornwall, ncha ya kusini magharibi ya Uingereza, kuna duara linaloitwa Merry Maidens, wasichana wachangamfu. Wanasema walikuwa wasichana waliocheza ngoma siku ya Jumapili, wakageuzwa mawe. Wapiga zumari wao ndio mawe mawili marefu yaliyosimama mbali kidogo. Duara hilo lina mawe 19. Idadi ni sadfa tu, sijengi hoja juu yake. Ila Mturkana na Mcornwall hawakupata kuonana, na wote wawili walipotazama mawe yaliyosimama kwa mpangilio waliona jambo lilelile: ngoma iliyokatizwa. Stonehenge yenyewe, katika maandishi ya Geoffrey wa Monmouth ya karne ya 12, inaitwa Ngoma ya Majitu.

Kiingilio ni kiasi gani, na nifikeje?

Kuingia ni bure usiku huo. Utalipia maegesho, na maegesho yana mwisho wake, kwa hiyo ukichelewa utarudishwa. Mimi napanda treni hadi Salisbury na basi la usiku kutoka hapo. Uwanja hufunguliwa kwenye saa moja jioni tarehe 20, na kufungwa saa mbili asubuhi, lakini saa na tarehe hutangazwa upya kila mwaka, ziangalie kwenye tovuti ya English Heritage. Kutoka maegesho hadi kwenye mawe ni mwendo wa zaidi ya nusu saa kwa miguu. Mbeba mtoto, jipange.

Nivae nini?

Koti. Usinibishie kwamba ni kiangazi.

Nisibebe nini?

Pombe, vitu vya kioo, mbwa, droni, hema, mkoba mkubwa, kitu chochote cha kuwasha moto. Kulala kwenye nyasi ukijifunika blanketi ni sawa, kupiga kambi si sawa. Rafiki wa Rotterdam, jibu lako ndilo hilo.

Naweza kuyagusa mawe?

Siku za kawaida huwezi hata kuyasogelea. Kamba zipo tangu miaka ya 1970, kwa kuwa nyayo zilikuwa zimemaliza nyasi. Usiku wa solistisi unaingia hadi ndani. Kuyapanda ni marufuku, na sababu si uzito wako tu. Juu yake kuna aina zaidi ya 70 za kuvu za mawe, zile zinazoonekana kama madoa ya rangi, nyingine adimu. Juni 2024, siku moja kabla ya mkesha, waandamanaji wa mazingira waliyanyunyizia unga wa rangi ya machungwa. Jambo la kwanza lililowatia watunzaji wasiwasi ni kuvu hizo. Unga ulisafishwa upesi na sherehe ikaendelea.

Umati unanitisha. Pana mahali pengine?

Nenda Avebury, kama kilomita 30 kaskazini. Duara lake ni kubwa kuliko Stonehenge mara kadhaa, kubwa kiasi kwamba kijiji kimejengwa ndani yake, na baa. Mawe hayakuchongwa, kondoo wanajikuna kwayo, na unaweza kuyagusa mwaka mzima. Usiku wa solistisi kuna ngoma huko pia, chache zaidi. Ukitaka kitanda chako, English Heritage hurusha mawio moja kwa moja mtandaoni. Walifanya hivyo mwaka 2020 wakati wa korona, mawe yakiwa peke yake, na ndio mwaka pekee nilioyasikia yakiwa na ndege tu.

Na mawingu yakiziba?

Watu wanapiga kelele vilevile, dakika ileile. Wanaangalia saa.

Nina ngoma ya baba, ya ngozi. Niilete?

Ilete, lakini ifunge kwenye mfuko wa plastiki na kitambaa kikavu. Ule umande unalegeza ngozi, na moto wa kuiwambia tena hauruhusiwi. Mara ya pili nilipokwenda, ngoma yangu ilikuwa inalia kama boksi kufikia saa tisa. Mama mmoja wa Kiingereza aliniona ninavyohangaika, akafungua termosi ya chai, akaniambia niiegemeze hapo kwenye mvuke. Nikamweleza kwamba mvuke ndio ugonjwa wenyewe. Tukainywa ile chai, tukapiga makofi hadi jua likatoka.